Vyungu Viwili vya Jumapili

Shavu la ng'ombe, kilo mbili na nusu.
Roeland wa buchani kanifungia kwa karatasi,
kaniuliza, "Godelieve, kuna karamu?"
Nikamwambia mwanangu anakuja. Akanyamaza,
akaongeza kipande cha mafuta, hakukipima.

Oudenaarde haina siri.
Kila mlango unamjua aliyewahi kuuangukia.

Nyama hii haitaki ubabe.
Ni msuli uliotafuna nyasi maisha yake yote,
hauwezi kulainika kwa saa moja
eti kwa sababu wewe una njaa.
Naikata vipande vya ukubwa wa kiberiti,
navikausha kwa kitambaa,
siagi ikiacha kupiga kelele navitia
vichache vichache, visibanane;
vikibanana vinatoa maji, vinachemka badala ya kukaangika,
na rangi yote ya mchuzi hutoka pale,
kwenye ule ukoko wa chini ulioshikilia chuma
kama deni.

Vitunguu sita. Nalia,
na leo sijifuti.

Bia iko chini, stoo, ndani ya kreti ya marehemu Achiel.
Bia nyeusi, tamu mwanzoni, chungu mwishoni.
Mapipa yake aliyaosha miaka thelathini na mmoja,
akirudi nyumbani ananuka kimea hadi kwenye nyusi.
Alinifundisha: chupa mbili za chungu, moja ya mpishi.
Na Wannes alipotimiza miaka saba
akapewa povu alambe kwenye kidole cha baba yake,
likabaki juu ya mdomo kama sharubu.
Tulicheka sote. Mimi nilicheka zaidi.

Povu lile nimelirudia usiku mwingi.

Jirani yangu Oda anasema moto hula kilevi chote,
saa tatu nzima motoni, haibaki ila ladha.
Huenda.
Lakini Oda hakumwokota mtu
ukingoni mwa mto Schelde mwezi wa Januari,
kiatu kimoja, midomo ya samawati.
Miezi minane sasa. Yeye anaihesabu siku kwa siku,
nami naihesabu kimyakimya,
kama mtu aliyebeba mayai gizani.

Basi nimeteleka vyungu viwili.

Cha kushoto ni cha Lutgart, mumewe na watoto:
bia imemiminwa, imefoka, imetulia.
Cha kulia nimekibuni mwenyewe:
kahawa nzito ya asubuhi, plamu kavu, siki,
supu ya mifupa, karafuu mbili, sukari ya kahawia.
Juu ya kila kimoja, kipande cha mkate
kilichopakwa haradali, kimelazwa kifudifudi,
kizame, kiyeyuke, kiupe mchuzi uzito
bila kuonekana tena.
Kazi ninayoijua.

Kwa macho hutavitofautisha. Kwa pua, labda.

Saa saba kamili akaingia, akavua koti,
mrefu kama babaye, mwembamba kuliko mwaka jana.
Akaenda moja kwa moja kwenye cha kushoto,
akafunua, akainamisha uso kwenye mvuke.
Akakaa hapo.

Nilishika mwiko kwa mikono miwili.
Chipsi zikaungua kwenye mafuta, sikuziopoa.
Akavuta pumzi moja ndefu,
kama anayesoma barua ya zamani hadi sahihi ya mwisho,
kisha akafunika.

"Hiki cha baba."
"Ndiyo."
"Na hicho?"
"Chako. Sijui kama ni kitamu. Sijawahi kukipika."

Akala sahani mbili, ya pili akaipangusa kwa mkate.
Lutgart alionja cha kulia, akakunja uso, akaongeza.
Chupa ya mpishi ilibaki stoo na kizibo chake.
Mimi sikuonja chochote, nilikuwa natazama kijiko chake
kikipanda na kushuka, nikingoja neno.

"Mama," akasema,
mdomo bado umejaa,
"chumvi imepungua."