Daftari la Makosa

Gwakisa, nakuachia hili daftari.
Jalada limeliwa na panya pembeni.
Lile doa la kahawia ni utomvu wa ndizi, usilikwangue, halitoki.
Humu hamna majibu. Majibu yako nyuma ya kitabu cha shule,
na tangu yachapwe hayajamfundisha mtu.
Humu kuna makosa yangu tu, ya miaka miwili,
kila moja na tarehe yake.

Fungua ukurasa wa tatu.
Saba, toa, ndani ya mabano: tatu toa tano.
Niliandika hasi moja. Jibu ni tisa.
Nilifungua mabano, na alama ya kutoa ikabaki uani
kama mgeni anayeona haya kubisha hodi.
Sikulifuta. Kosa ukilifuta
hulijui sura, na litarudi kesho limevaa namba nyingine.

Mwezi wa tano nilipata kumi na nane kwa hamsini.
Mimi, niliyekesha na kibatari siku mbili,
Subilaga akisoma kanuni, mimi nikiitikia.
Magazijuto! Magazijuto!
Nilijua kuitamka, basi.
Mama hakunigombeza. Aliosha mikono yake, myeusi kwa chai,
akasema, majani mawili na kichipukizi, kila siku.
Ukingoja mwezi uishe ndipo uchume kwa mkupuo,
yanakomaa, kiwandani wanayamwaga.
Tangu hapo nafanya maswali matano kabla ya kuwasha moto.
Matano tu. Hata Jumapili, hata siku ile ya msiba kwa kina Ambakisye,
ingawa siku ile nilifanya mawili, na yote nilikosa.

Unaijua mvua yetu ya Tukuyu inavyopiga bati.
Mwalimu Mwaisumo hupaza sauti mara moja, mara mbili,
kisha huiachia mvua darasa.
Anaandika swali moja ubaoni, anakaa.
Hakuna wa kukwambia anzia hapa, hamisha hiki.
Mwanzo nilidhani anatega kazi.
Kumbe pale ndipo mkono wangu ulipopata akili.
Hesabu aliyoifanya mwalimu ni yake:
ukiitazama inateremka vizuri, kama barabara ya Kiwira ukiwa juu ya lori.
Shuka utembee,
ndipo utakapoyajua matope yake.

Ukurasa wa arobaini na moja usimwonyeshe mtu.
Siku ya mizani, gunia la Mama lilisoma thelathini na mbili.
Karani hukata kilo moja kwa kila kumi, ni maji ya mvua kwenye majani.
Akakata tano.
Nikapiga kelele mbele ya foleni nzima: tatu! Ni tatu! Hizo mbili zimekwenda wapi?
Karani akalimwaga gunia, akaliweka tupu juu ya mizani,
limelowa, limekunjamana,
kilo mbili kamili.
Watu walicheka mpaka Mama akajifunika khanga usoni.
Nilipofika nyumbani niliandika, kwa kalamu nyekundu ya kuazima:
*Sikusoma swali lote.*
Kosa hilo limeniokoa mara nyingi kuliko kanuni yoyote niijuayo.

Jumatatu naingia bweni.
Huko nitaanza daftari jipya, nalo litajaa, sina shaka.
Hili nimekuachia kurasa kumi na moja tupu.
Usiandike kwa mwandiko wa kumfurahisha mwalimu,
andika kama unavyokuna upele, pale panapowasha.

Ukurasa wa mwisho una swali la pembetatu
ambalo limenishinda tangu Februari.
Nimechora mchoro mara sita. Umelala pale, na tarehe zake sita.
Ukilipata kabla yangu,
usinitumie jibu.
Niandikie ulianzia wapi.