Supu Haina Kisanduku

Kiwandani kwetu Ostrava, tunakounda milango ya lifti,
walifika wauzaji watatu wa mifumo,
kila mmoja na projekta yake, visanduku vyake,
na mishale inayojua pa kwenda.
"Ankara ikikwama," kasema wa pili,
"mfumo utapiga kengele."

Bi Zdenka wa stoo akanyoosha mkono:
"Hukwama mezani kwa Hruška.
Mkewe amelazwa tangu Februari.
Mimi huipandisha ghorofa ya tatu, nikangoja sahihi,
nikamwachia supu."

Kimya.
Mkurugenzi akainamia jedwali la bei.

Tulichagua wa tatu, wa bei ya kati.
Siku ya kwanza kengele ililia saa nne kasorobo,
na kabla haijanyamaza
tukasikia viatu vya Zdenka
ngazini.