Ukoko wa Jungu Dogo

Nyuzi tisa chini ya sifuri leo hapa Łódź,
na Ryszard kanuna kama mtoto aliyeachishwa ziwa ghafla:
kila akivuta, kinywa chajaa ladha
ya shati lililosahauliwa chini ya pasi.
"Kimekufa," asema. "Kesho nitanunua kingine."
Kesho. Kingine. Maneno ya watu wenye pesa.

Lete hapa.

Natandaza gazeti la wiki jana juu ya meza ya jikoni,
naondoa sukari, naondoa mkate, namwondoa paka.
Bisibisi ya miwani. Kikoleo cha nyusi.
Sindano ya kufumia soksi, namba mbili na nusu.
Miwani yangu, na juu ya miwani yangu, miwani yake.

Skrubu ya kwanza yatoka kwa hiari,
ya pili yataka kubembelezwa.
Ndani, kijichumba kisichotosha hata kunde mbili,
na humo koili, nyeusi tititi,
na pamba iliyokuwa nyeupe, sasa rangi ya jino la mvutaji.
Jungu kuu halikosi ukoko;
hili jungu dogo nalo lina wake,
wa kunata, unaonuka cheri iliyoungua.

Pamba naijua.
Miaka thelathini na moja nimeunga nyuzi zilizokatika,
katika kelele zilizotufanya tusemezane kwa midomo tu.
Hata leo nasoma midomo ya watu kwenye tramu,
najua nani anamwacha nani.
Vumbi jeupe lilitua kwenye kope, lilitua kwenye supu,
na Halszka wa zamu ya usiku alikohoa pamba
mpaka tukamzika, naye hakuwahi kushika sigara.
Kiwanda sasa ni maduka. Nilinunua humo buti,
nikasimama palepale mashine yangu iliposimama,
nikajaribu kisigino.

Waya mpya. Mwembamba kuliko uongo wa Ryszard
kwamba huvuta mara kumi tu kwa siku.
Nauzungusha kwenye sindano, mzingo ubanane na mwenzake,
wa tano, wa sita, wa saba,
miguu miwili ipenye vitundu, kaza, kata mabaki.
Kipimo chasema omu sifuri nukta nane. Vema.
Nabonyeza kidogo. Waya waona haya,
lakini wekundu waanzia pembeni, kama mgeni asiyejua mlango.
Nauminya kwa kikoleo. Tena. Tena,
hadi moto uzaliwe katikati na kutambaa pande zote mbili.

Halafu pamba, na hapa ndipo nilipokosea.
Mimi! Niliishindilia kama mto wa bibi harusi.
Akavuta, akafumba macho, akatoa neno
ambalo mama yake angempigia mwiko.
Ikibana, juisi haipiti; ikilegea, itamtapikia mdomoni.
Nikaitoa yote. Nikachambua, nikatupa, nikachambua tena,
mpaka ikateleza ndani ya koili kwa ubishi kidogo tu,
kama mkono wa umpendaye ukitoka mkononi mwako.
Nikapunguza ncha, nikazilaza, nikadondosha matone saba.
"Ngoja," nikamwambia. "Dakika kumi. Inakunywa."

Hakungoja kumi. Alingoja nne.

Wingu likapanda, likagusa taa, likatua kwenye kioo cha dirisha,
na nyuma yake dohani la kiwanda,
wameliacha liwe pambo, halitoi chochote.
"Vipi?"
Akainua bega moja. Kwa Ryszard hiyo ni hotuba.

Kipande cha waya kilichobaki, urefu wa ukucha,
nimekitia kwenye kopo la vifungo.
Pamba ya zamani, ile nyeusi, sijaitupa bado.
Iko pale kwenye gazeti. Paka anainusa.
Naitazama, nami nakohoa kidogo.