Harufu ya Ndizi Mbivu

Nawa mikono kwanza, Gwakisa.
Kwa sabuni ya mche, si ile ya manukato ya dada yako.
Umeshinda ukipakia mikungu kwenye Fuso la Kiwira
na viganja vyako vinanukia ndizi iliyoiva.
Kwa mtu, hiyo ni harufu ya njaa kuisha.
Kwa nyuki ni mbiu ya mgambo.

Hukujua? Hata mimi sikujua.
Nyuki akichoma, mwiba hubaki, mwenyewe huenda kufa,
ila pale pa mwiba huacha harufu tamu,
ya ndizi mbivu hasa,
inayowaambia wenzake: hapa, pigeni hapa.
Na sisi wa Kyimbila, tuliozaliwa ndani ya migomba,
tunatembea tumejipaka tangazo la vita.

Chomeka suruali kwenye buti, kaza kwa mpira wa baiskeli.
Wavu usiguse pua.
Koti jeusi liache; weusi wanaujua, ni nyegere.
Na usisimame mlangoni pao.
Hata wewe, mtu akijaza mlango wako
utamuuliza ana shida gani.

Tazama kabla ya kugusa.
Wale wanaopepea mbawa ubaoni hawana ugomvi,
wanapoza nyumba.
Yule mwenye unga wa njano miguuni
ametoka kwenye maparachichi ya Mwaisaka, ng'ambo ya korongo;
ndani, gizani, atatikisa kiuno juu ya sega
na wenzake watajua ni upande gani wa jua,
ni mwendo gani,
bila mtu kunyoosha kidole.

Ingenyesha, tungerudi.
Mvua ya huku hukaa siku tatu kama mgeni asiyeleta sukari,
na nyuki wote wanakuwa ndani, wazee kwa wakali.
Usibishe hodi kwa watu waliokosa kazi.

Sasa moshi. Mavi makavu ya ng'ombe, majani kidogo.
Jipulizie kiganjani: ukiungua wewe, nao wataungua.
Babu yako Asajile alipanda na mwenge,
akashuka na asali na majivu ya kundi zima.
Mwaka uliofuata alipanda na mwenge,
akashuka na mwenge.

Wakikuchoma, usibane mwiba kwa vidole,
utajikamulia sumu mwenyewe. Kwangua kwa ukucha,
fukiza moshi pale, ondoka polepole.
Koo likianza kukaza usione haya, niite,
pikipiki ina mafuta, Makandana si mbali.

Unauliza kwa nini nasema sana.

Nilikuwa na ndama, mwenye baka jeupe usoni.
Nilimfunga kwenye mgomba, hatua kumi toka mzinga wa tatu,
nikammwagia maganda ya ndizi zilizolainika.
Akala, akanukia mdomo mzima.
Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua.
Nikiwa jikoni nikasikia sauti ikibadilika,
si mvumo wa kazi tena,
bali kama redio iliyopoteza stesheni.
Kuku waliingia uvunguni. Mbuzi wa Subilaga walikimbia.
Yeye aliuzunguka mgomba, akauzunguka,
mpaka kamba ikaisha.

Ilikuwa kamba mpya ya mkonge.
Fundo langu.

Jioni mume wangu alileta mafuta ya taa,
majirani wakasema choma, choma yote.
Nilikaa kizingitini na ile kamba mapajani
hadi kibatari kikazimika.
Nilikuwa nimetafuta nyuki aliyeweza kufunga fundo,
sikumpata.

Siku hizi mizinga iko kule juu, nyuma ya ua wa matete,
na ng'ombe wanalala huku.
Hakuna kinachofungwa karibu na nyuki,
si mbuzi, si mbwa, si mtoto mgongoni.
Na masega mawili kila mzinga hatuyagusi,
ni ya kwao, ya baridi ya Juni.

Haya. Umeshanawa?
Lete mkono ninuse.

Bado.
Nawa tena.