Jiwe katika Bakuli la Karani

Nitasema wazi, maana mnaopita kichochoroni humu Tudor
mmekwisha kujua kwa pua:
mbwa wangu anatoa ushuzi.
Si wa kuchekea. Ushuzi wa saa nane usiku,
mzito, unaoketi kitandani kama mgeni
asiyesema anaondoka lini.

Karani si mbwa niliyemtaka.
Ni wa Mwadime, mwanangu, aliyemwokota Kibarani
enzi zile jaa bado jaa,
akamleta nyumbani ndani ya helmeti ya pikipiki.
Kisha Mwadime akapata kazi Doha,
akaniachia mbwa, deni la godoro,
na simu ya kila Ijumaa inayoanza, "Mama, Karani hajambo?"
Hali yangu huulizwa mwishoni, bando lisipokatika.

Nilianza na nilichojua.
Maji ya tangawizi: akayanusa, akanitazama
kana kwamba nimemtukania mama.
Mkaa wa kusaga: sakafu nzima nyayo nyeusi,
na ushuzi ule ule.

Basi nikampeleka kwa Daktari Nyamvula,
kwa miguu, jua la saa sita,
kwani hakuna tuktuk iliyokubali kutubeba mara ya pili.
Akambonyeza tumbo, akaligonga kwa kidole
kama mtu anayechagua tikiti maji.
"Anakulaje?"
"Kama mwenye kesi."
Akacheka. "Basi nusu ya hewa hiyo haizaliwi tumboni, mama.
Huimeza. Aliyekulia jaani
hudhani kila mlo una adui nyuma yake."

Akaandika, na karatasi ile naijua kama Baba Yetu:
maziwa, hapana. Maharagwe, kabichi, hapana.
Wali mkavu na samaki aliyetolewa miba,
kidogo asubuhi, kidogo jioni.
Akishakula atembee, ila asikimbie.
Na katika bakuli, jiwe,
kubwa asiloweza kulimeza,
ale akilizunguka.

Jiwe nililokuwa nalo ni la mlango,
tumbawe linalouzuia usibamizwe na upepo.
Nikalichemsha kama yai.
Siku ya kwanza Karani alilibwekea, kisha akalilalia.
Siku ya nne alikula robo saa nzima. Robo saa!
Mlango unabamiza, mimi nimechuchumaa
nahesabu punje za wali anazozifuata kwa ulimi.

Lakini usiku, saa nane, yule mgeni yuko pale pale.

Ikabidi nilinde. Jumamosi alfajiri, nimejibanza nyuma ya tangi,
nikamwona Bi Rukiya,
Bi Rukiya huyu huyu muuza mahamri,
anayekusanya buibui lake akimwona Karani
pua isije ikamgusa,
ameinama juu ya ukuta na sufuria ya jana,
mbaazi za nazi, nzito, zinang'aa,
anamimina: "Kula upesi, mamako asikuone."
Ukutani, michirizi ya tui lililokauka,
ya miezi.

Nikatoka. Hakushtuka kama nilivyotaka.
Akapangusa mwiko. "Hunitazama," akasema,
"kwa macho ya mdai.
Na humu ndani mwangu hakuna anayenidai tena."

Nilikuwa nimeandaa maneno makali. Yakanikauka.
Nikamweleza tu habari za mbaazi,
zinavyochacha tumboni mwa mbwa, zikawa upepo.
Akashika kinywa.
"Kumbe mimi? Nami mwezi mzima
naziba dirisha kwa kanga, nakulaani wewe!"

Sasa huchemsha kipande cha boga,
bila chumvi, bila tui,
hukipitisha ukutani kwa koleo la mkaa,
mkono mbali, uso umegeuzwa pembeni
kama atoaye rushwa.

Juzi saa nane niliamka kwa kukosa harufu.
Nikapapasa gizani, nikaweka kiganja mbavuni mwake:
zikapanda, zikashuka.
Mlango ukabamiza.

Ijumaa Mwadime alipiga. Nikasema, hajambo,
ngoja aliyemponya akueleze,
nikampa Bi Rukiya simu juu ya ukuta.
Bando lilikatika
akiwa bado kwenye boga.