Tundu Namba Saba

Mbuzi elfu mbili mia nne
wamezuiliwa bandarini, Kililana,
na hakuna hata mmoja aliyelia mee.

Nacheka peke yangu nyuma ya bodaboda
kutoka Mokowe, bahasha kifuani:
cheti cha hataza, michoro kurasa sita,
risiti ya dhamana niliyotakiwa kuweka
ndipo sheria inishike mkono.
Bangili mbili za marehemu mama
zimelala kwa sonara wa Langoni,
hazijui kama zitarudi.

Bwana Mwaringa wa forodha anakata lakiri.
Maboksi juu ya maboksi,
kila boksi na picha ya mwanamke anayecheka
kama mtu asiyewahi kukuna nazi maishani.
Anamtoa mmoja, anamkalisha mezani:
kigoda, mkono wa kuzungusha, meno ya duara,
springi ya kubana kifuu kisiponyoke.
"Dada, mbuzi ni mbuzi," anasema.
"Hata wa bibi yangu kule Kaloleni ana meno.
Nionyeshe palipoandikwa Tima Bwanaadi."

Namgeuza mbuzi chali.
Natia kidole chini ya kigoda, upande wa kushoto.
Lipo.

Ramadhani, usiku wa kumi na saba,
stima ilikatika nikiwa na drili mkononi.
Ikarudi ghafla, kabla sijasema alhamdulillahi,
ncha ikateleza, ikatoboa chuma pasipotakiwa.
Nikalia kidogo. Chuma chenyewe cha kukopa.
Kisha nikaendelea.

Wakili Nyaboke, siku ya kuchora
kila kiungo na namba yake, aliuliza:
na hili, namba saba, kazi yake nini?
Niliona haya. Nikasema: la kutolea tui.
Akaandika. Serikali ikapiga muhuri.
Uongo wangu mdogo ukavaa nembo ya taifa.

Na huko, sijui mji gani,
mtu mwenye mashine za mamilioni
ameketi akalipima kosa langu kwa milimita,
akalitoboa kwa adabu, kwa uangalifu,
mahali palepale.
Kuiba akili yangu, sawa, nilitarajia.
Lakini kaiba na mkono uliotetemeka,
kaiba na giza la Mkomani.

Mwaringa anafunua michoro. "La kutolea tui," anasoma.
"Halina kazi," namwambia. "Niliteleza."
Ananitazama. Anainua mbuzi wa pili,
wa tatu, wa boksi la chini kabisa.
"Na hawa," anasema polepole,
"wameteleza mara elfu mbili mia nne?"

Anachukua kalamu: *Zisitoke.*
Neno moja. Mimi nililingoja miaka minne.

Nje, mwagizaji amechuchumaa kwenye kivuli cha kasha,
kijana wa Malindi, Lukman, shati limelowa mgongoni.
Pesa za chama, anasema. Aliona picha kwenye simu,
akaona bei, hakujua kuna mwenyewe.
Nusu ya maneno yake nayaamini,
na nusu hiyo ndiyo iliyoniuma njia nzima.

Jirani yangu Mwana Zena ananisubiri mlangoni.
"Umeshinda?"
"Nimeshinda."
"Mashallah. Na wale wa mia tisa, mwanangu,
hawakukupa hata mmoja?"

Wangu ni elfu mbili na nusu.
Goti lake limevimba; miaka sitini
amemkalia mbuzi wa mbao.
Sijibu. Naingia ndani, namtolea yule wa kwanza,
wa usiku wa stima, kutu kidogo shingoni.

Anampokea kama anayepokea mtoto,
anamgeuza huku na huku. Kidole chake kinasimama.
"Na hili tundu?"
"La kutolea tui," nasema, kwa mazoea.

Mwana Zena ananitazama kwa huruma,
jinsi wakili hakunitazama,
jinsi serikali na kiwanda havikunitazama.
"Tui?" anasema. "Tui la wapi, Tima?
Nazi hata haijakamuliwa."