Visoda

Bango limepigiliwa misumari mitatu,
wa nne ulipinda, wakauacha.
WATOTO HAWARUHUSIWA.
Katibu wa uwanja amenionya mara mbili:
"Mama Aikande, mlango ni wako.
Nikimkuta mtoto humu, kibali nakichukua."
Mimi nauza bia chini ya jukwaa, hapa Pasua,
mahali ambapo goli likifungwa
vumbi la saruji linadondokea kwenye glasi.

Sina ugomvi na bango.
Nimeona chupa ikivunjwa ukingoni mwa meza
kwa ajili ya penati moja tu.
Nimesikia matusi ambayo mwenyewe aliyeyatamka
asubuhi angeyakana mbele ya mchungaji.
Na mtoto hana haja ya kujua
mwanamume mlevi analiaje:
mdomo wazi, kama ng'ombe aliyenyimwa ndama.

Lakini mimi nimelelewa humu humu.
Kreti ya soda iliyopinduliwa, pale karibu na friji,
ndiyo ilikuwa kiti changu,
na alama zake zilibaki mapajani mpaka kanisani Jumapili.
Baba yangu, Anaeli, aliipenda Rau Stars
kama wengine wanavyopenda kihamba.
Watu walidhani ananipeleka mpirani.
Aliyenituma ni mama.

"Nenda naye," alisema,
akinifunga kamba za viatu
kwa nguvu kuliko viatu vilivyohitaji.
"Kila chupa ikifunguliwa, okota kisoda."
Nikaokota.
Vinne, vinacheka mfukoni.
Vikifika sita namvuta shati: baba, twende.
Alikuja. Si kila mara,
ila mtu ambaye kidole chake kimeshikwa na mtoto
haiendei ya saba kwa miguu myepesi.
Jumamosi niliyougua surua
alirudi alfajiri, bila koti,
bila senti moja ya pesa ya kahawa.

Sasa leo. Masika, mlima haupo kabisa,
na Elisaria, fundi baiskeli, kaja na Godlisten wake,
miaka saba, sweta la shule, buti za mvua za dada yake.
Nikaweka mkono mlangoni.
"Wewe pita. Huyu hapana."
"Nimwache wapi? Mama yake yuko Kiboriloni
kwenye mitumba mpaka giza."
"Soma bango."
Akalisoma. Akaingia peke yake,
na sitadanganya, niliyaona mabega yake:
yalishuka
kama ya mtu aliyetua gunia.

Mtoto akajibanza chini ya bati, nje ya dirisha langu.
Same wakafunga. Rau wakarudisha.
Jukwaa zima likanguruma juu yetu,
naye hakugeuka hata shingo.
Alikuwa akimtazama baba yake,
mkono tu, na meza tu,
mpaka kioo kikajaa mvuke wa pumzi zake.
Akapangusa kwa sweta. Kikajaa tena.
Akagonga.

"Mama Aikande. Ni ya ngapi?"

Nilikuwa na chupa tatu mkononi, wateja wananiita.
Nikajua nani kamfunga zile buti.

Katibu anasema tunamlinda mtoto.
Sawa. Lakini aniambie, akipata nafasi,
ni nani aliyekuwa analindwa
wakati mimi nimekaa juu ya kreti,
na ni nani anayetakiwa kuokota
sasa kwa kuwa nimewatoa waokotaji wote nje, mvuani?
Au ndiyo kazi yangu? Mimi ninayeuza?

Nikafungua dirisha upana wa kiganja.
Nikampa soda, na andazi lililobaki asubuhi.
Halafu nikainama chini ya meza ya Elisaria,
nikijifanya napangusa,
nikarudi, nikamimina visoda kwenye mkono wake mdogo, wa baridi.
Akahesabu kwa midomo, polepole.
Vitano.
Akashusha pumzi, akala andazi.

Vilikuwa saba.
Viwili vimo kwenye aproni yangu mpaka sasa,
na nikitembea vinacheka.